Mwezi Nilipotunza Kadi ya Papa

Jumatatu, 4 Machi 2024

Papa amerudi kazini Kasumbalesa, mpakani. Wiki mbili tena za makaratasi ya ushuru pale duane na malori yasiyosogea. Kadi ya benki ameniachia mimi, kama kila mara tangu Septemba. Nimeiweka ndani ya kamusi. Katika nyumba hii hakuna mwingine anayefungua kamusi.

Merdi, mdogo wangu, ameuliza tena kwa nini kadi haikai na Mama. Papa alishasema zamani, na Mama mwenyewe alicheka: "Kadi ikikala na weye, Honorine, bandugu batakumaliza. Mutoto, hakuna muntu anaombaka mutoto falanga."

Ni kweli. Ndugu akija na shida huwezi kumwambia hakuna, ikiwa ipo. Lakini ukisema kadi iko na mutoto, na mutoto iko ku masomo, anakunywa maji yake na kwenda bila chuki. Basi mimi ndiye mlango. Nafikiri Papa alinichagua kwa sababu siongei na watu.

Daftari langu la hesabu linasema dola 131. Hamsini ni za Exetat, mtihani wangu wa serikali. Mwisho wa kulipa ni tarehe 22.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefanya kitu.

Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mama mudogo Lombe, mdogo wake, alinikuta uani ninafua. Anauza samaki ya Kasenga. Lori lilikuwa tayari, alikosa dola themanini tu, na barafu haingoji mtu. Alikaa kwenye ndoo, magoti yakigusana na yangu.

"Myriam, mi siombi mutoto. Naongea na mwenzangu. Siku ya posho yenye kuya narudisha yote. Mama yako asijue, atasema nakufundisha mubaya."

Nililitafuta neno hapana. Nilipolipata nilikuwa nimeshavaa viatu.

Kwenye mashine sikuuliza solde, yaani salio. Kuuliza kunakatwa nusu dola, na Papa ametukataza: tunaye mtu wa kuandika, kwa nini tuilipe mashine? Nilibonyeza themanini. Mashine ilitoa noti nne mpya. Kwa hiyo pesa ilikuwepo – sanduku haliwezi kutoa kisichokuwamo.

Zimebaki 51. Exetat iko salama, na dola moja juu. Sikuandika kwenye daftari. Nimejiambia kwamba pesa itakayorudi siku ya posho, yaani Jumamosi, baada ya siku saba tu, haijatoka kweli. Nimeisoma sentensi hii mara mbili. Ni mbaya, lakini naiacha.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Sisomi vizuri.

Jumamosi, 16 Machi

Mama mudogo hakuja. Alituma kijana na mfuko: samaki watatu wa moshi, wakubwa. Mama alifurahi sana. Alisema huyu mdogo wake ana moyo, wengine wakienda Kasenga wanarudi na hadithi tu.

Nilikula kipande cha mkia. Kilikuwa kitamu.

Jumatano, 20 Machi

Mashine imekataa hamsini. Nilijaribu arobaini. Ishirini. Nyuma yangu mwanaume mmoja alisema, kama anayemwita dada yake, "Yaya, mashine haibembelezwi."

Niliingia ndani. Dada wa guichet, pale dirishani, alikuwa na sauti ya upole, na hilo lilinizidishia aibu. Aliniuliza kadi ni ya nani, nikasema ya Papa. Alisema kwa kweli hapaswi kuniambia kitu, halafu aliniambia. Kila mwezi benki inachukua dola tano za kutunza akaunti. Januari ilichukua thelathini za kadi mpya. Tangu Septemba zote ni 65.

Hakuna hata moja niliyoiandika. Sikujua kwamba pesa inalipa kodi ya mahali inapolala.

Kwa hiyo tarehe 9 hapakuwa na 131. Palikuwa na 66. Na mimi nilichukua 80. Nilimuuliza, sasa mashine ilizitoa wapi? Alisema ni découvert: kwa mtu ambaye mshahara wake unapita hapa, benki inakubali kumkopesha kidogo bila kuombwa. Halafu inamkata kwa sababu alikopa. Dola kumi na tano mara moja, na riba juu.

"Muko ku moins trente et quarante centimes, mama. Hadi mushahara uingie, haitoke kitu."

Chini ya sifuri thelathini na senti arobaini. Nilishukuru. Kwa nini nilishukuru?

Alhamisi, 21 Machi

Préfet, mkuu wa shule, amesoma darasani majina ya wasiolipa. Sisi watano. Alipofika kwangu alishusha karatasi.

"Kapya? Weye pia?"

Aimé alisema kutoka dawati la nyuma kwamba Kapya anakula vitabu, hana haja ya diplome. Wote wakacheka. Si kwa ubaya. Nami nilicheka, na meno yaliniuma.

Jioni niliazima simu ya Mama, nikampigia Mama mudogo. Lori lililala njiani siku mbili, barafu iliisha, nusu ya samaki walimwagwa. Alikuwa akilia. Alisema, hata weye mwenzangu unanifuatilia? Mimi ndiye niliyeomba msamaha.

Ijumaa, 22 Machi

Papa amefika. Nilimngoja ale kwanza.

Nimemwambia. Yaani nimemwambia kwamba benki imekata 65, kidogo kidogo, nami sikujua, na sasa akaunti iko chini ya sifuri na Exetat haikulipwa. Kila neno lilikuwa la kweli. Nilimpa daftari, aliligeuza kurasa zote chini ya taa. Unga, umeme, kalamu za Merdi, mkate.

Niliingojea hasira yake. Ilikuja, lakini ilinipita pembeni.

"Banatuibia," alimwambia Mama. "Mutoto iko naandika mupaka mukate ya mia tano, na bale bakubwa na kravati banatuibia."

Palepale alimpigia Préfet simu. Alisimama wima akiongea, kama kanisani. Préfet amekubali: jina langu linabaki hadi Jumatatu saa sita mchana, baada ya hapo orodha inaondoka. Na Jumatatu asubuhi Papa ataenda nami benki. Anataka warudishe kila senti, mbele ya watu.

Nilifungua mdomo. Mama akasema, acha mtoto alale, amehangaika.

Jumamosi, 23 Machi

Papa alikuwa anatengeneza baiskeli ya Merdi. Nilimshikia spana. Karibu saa nzima, sisi wawili. Alinisimulia kuhusu mwenzake wa Kasumbalesa ambaye mtoto wake aliuza simu ya nyumbani. "Mi nilibamubia, wangu hapana."

Nikamrudishia spana.

Benki haikutuambia, hilo ni kosa lake. Lakini bila zile themanini ningelipa Exetat na zingebaki kumi na sita. Nimeipiga hesabu hii pande zote. Inatoka vilevile.

Jumapili, 24 Machi

Sikukuu ya Matawi. Mstari wa kitubio ulifika hadi mlangoni. Sikujipanga.

Jumatatu, 25 Machi, ndani ya benki

Saa nne na nusu. Papa amevaa koti la ndoa yake. Kila aliyekaa karibu nasi ameshaonyeshwa daftari langu. Mzee mmoja ameniangalia akasema, hawa ndio watoto, wetu wanajua kucheza tu.

Dada ni yuleyule. Amenitambua. Amemtazama Papa, amenitazama mimi. Alisema tu kwamba mshahara haujaingia, labda saa tano, labda kesho, na kwamba kwa malalamiko inatakiwa kutoa historique, orodha ya kila kilichoingia na kutoka kwenye akaunti, dola moja kila ukurasa. Papa alitoa dola tatu mfukoni kwa furaha. "Muzuri. Nataka ile karatasi. Ile karatasi njo itasema."

Karatasi imetoka, ina joto bado. Herufi ni ndogo na Papa hakuleta miwani. Amenipa mimi. Amesema nilinganishe na daftari, mstari kwa mstari, niandike kila walichokata, halafu nitasimama naye guichet nisome kwa sauti, ili wasikie.

Ndiyo maana ninaandika. Anafikiri ninalinganisha. Bega lake liko kwenye bega langu, linanuka sabuni.

Mstari uko kwenye ukurasa wa tatu. Retrait, 09/03, 80.00. Si mrefu kuliko mingine.

Saa tano kasoro kumi. Papa ameinama.

"Umefika wapi, mama?"

Nimemwambia, Februari.

"Muzuri. Usikimbie. Bado Machi."