Ombi Letu la Askari wa Tembo

Jumanne, 8 Aprili
Tembo tena. Nimekwenda shambani kwa mama kupima hasara kwa hatua, kama kawaida. Upande wa mtoni mahindi yote chini. Ufuta umepona. Picha sita, simu ikazima.

Mama analala dunguni, kibanda chake juu ya miti, na debe la kugonga. Anakaribia miaka sabini. Nimemwambia ahamie kwangu mpaka tuvune. "Wewe andika, mimi nilinde," kanijibu, akaendelea kupepeta. Ameshupaa. Naogopa.

Kikundi chetu cha wanawake wakulima kimenifanya katibu kwa sababu nilimaliza kidato cha nne. Tunataka kituo cha askari wa wanyamapori hapa hapa kijijini. Hata walio karibu zaidi wako mbali. Ukiwapigia wanafika tembo wameshaondoka. Namna ya kulidai jambo kama hili hadi lisikike, sijui.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimepanda kilima cha shule kutafuta mtandao. Miongozo ya uchechemuzi, yaani kudai mambo kwa wenye mamlaka, ipo tele, karibu yote kwa Kiingereza, yote ya watu wenye ofisi. Mmoja unashauri tuanze kwa kuajiri mtaalamu. Nimecheka peke yangu, wala si kwa furaha.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimepata. Mwalimu mmoja wa Njinjo aliwahi kuhudhuria semina, anacho kijitabu cha Kiswahili. Jalada limeliwa na mchwa. Kanitolea kopi. Kinaeleza uamuzi unafanyika kwenye kikao kipi, barua ipite kwa nani, ushahidi gani uambatanishwe. Nimekisoma mara mbili kabla ya kula. Kumbe miaka yote tulikuwa tunalalamika tu, tena kwa watu wasio na uwezo wa kufanya lolote. Hasira imenipanda. Madiwani wanakaa mwisho wa mwezi. Tunawahi.

Jumatano, 16 Aprili
Nyumba kwa nyumba siku tatu. Miguu inawaka moto. Daftari limejaa saini na dole gumba, la mama likiwa la kwanza. Mtendaji wa kijiji kagonga mhuri bila kusumbua. Leo nimejisikia mtu.

Jumanne, 22 Aprili
Ombi limerudishwa.

Karani wilayani kaifungua orodha na kuisoma kwa sauti mbele ya watu. Mama Hadija. Mama Shaibu. Mama Hadija mwingine. Mama Twaha. Kauliza, hawa ni kina nani? Mama Twaha ni mimi. Nimeinama tu.

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la utotoni linawekwa kando. Kumwita nalo ni kukosa adabu. Kwa hiyo kila mmoja kaandika anavyoitwa, na hakuna aliyeona kosa. Kijitabu kilisema wazi, majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho. Nilisoma mara mbili. Mjinga mimi.

Ijumaa, 25 Aprili
Tunaanza upya na haiendi. Mkwe hawezi kulitamka jina la mama mkwe wake, hata nikimbembeleza. Vitambulisho viko chini ya masanduku. Vingine viko kwa waume, na waume wako mjini Mtama kwenye biashara. Leo nimepata majina kumi na tisa. Kikao cha madiwani hatukiwahi, labda kijacho.

Nimekwenda shambani kumweleza mama. Hakunilaumu. Kanipa hindi la kuchemsha, akauliza mjukuu wake anaendeleaje na kikohozi. Afadhali angenisema.

Jumapili, 4 Mei
Mama amekufa.

Kulipopambazuka alishuka dunguni akidhani tembo wameondoka. Mmoja alikuwa bado kwenye mahindi. Jirani alisikia debe likianguka, alipofika ilikuwa imekwisha. Tumemzika alasiri. Inna lillahi. Sina zaidi.

Jumanne, 6 Mei
Siku ya tatu. Wamesoma hitima. Wanawake wamejaa mpaka barazani, wale wale niliowafuata mlango kwa mlango, sasa wote wamekaa kwenye mikeka yangu. Kijitabu kinashauri kutumia mikusanyiko iliyopo. Sentensi hiyo imenijia hapo hapo, kati ya dua na chakula. Nimejichukia.

Halafu nimeingia chumbani na kutoka na daftari.

Mama mdogo, aliyemfuata mama kuzaliwa, kanitazama kwa muda. Nilidhani atanifukuza. Akafungua fundo la kanga, akatoa kitambulisho, akakiweka juu ya goti langu. "Andika, Mama Twaha. Rukia Saidi Mbonde." Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akijitaja. Wakwe zake wakatazama chini.

Waliobaki wakaenda kwao kuchukua vyao, vingine kwa waume waliorudi kwa ajili ya msiba, wakaja navyo. Mpaka adhuhuri orodha imekamilika. Sijui kama nimefanya vizuri. Najua nimefanya.

Jumatano, 14 Mei
Nimefika wilayani kabla ofisi haijafunguliwa, nikangoja kwenye ngazi. Karani ni yule yule. Hakunikumbuka.

Kapitia majina moja moja, akaridhika. Akageukia fomu ya ushahidi. Ile ya mwezi uliopita, kwenye kipengele cha madhara kwa binadamu, niliandika "hakuna". Safari hii nimeandika Somoe Saidi Mbonde, mkulima, amefariki. Umri nimekadiria.

Akasoma, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali hesabu. "Sasa hili limeshiba," akasema. "Hili watalisikiliza." Hakuwa na ubaya. Hakujua.

Kagonga mhuri wa kupokelewa, kanipa nakala. Nikamwambia ahsante, nikatoka kutafuta gari la kurudi.