Casual kwa Miaka Minane

Jumatatu, 3 Machi
Orodha ya ajira ya kudumu imebandikwa mlangoni kwa ofisa utumishi. Chumba cha dobi hapa hotelini: nafasi moja. Nimesoma mara mbili, ya tatu kwa kidole. Jina langu halimo! Limo la bwana aliyeingia mwezi wa kumi, niliyemfundisha mwenyewe kukunja mashuka. Pingamizi mwisho Ijumaa.

Nimeuliza. Ofisa hakuinua hata macho. Eti mama, wewe ni casual tu. Hiyo “tu” imeniuma zaidi.

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu kanitafutia neno kwenye kamusi ya chuo. Casual: kisichopangwa, kinachotokea kwa bahati. Chimbuko lake Kilatini, neno la kuanguka. Tena ni nguo za kushindia. Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Kumbe miaka minane, kila siku saa kumi na moja alfajiri, nimekuwa nikidondoka kwa bahati mbele ya boila ileile ya kuchemshia maji ya kufulia!

Halafu nikakasirika. Na kibarua, jina letu la Kiswahili, je? Wanasema ni barua ndogo, kasema binti. Zamani mtu wa kutwa alipewa kijikaratasi cha kutiwa alama. Angalau yule alikuwa na karatasi.

Jumatano, 5 Machi
Barua ya pingamizi tayari. Mistari sita. Binti kasahihisha tahajia, hasira kaniachia.

Alhamisi, 6 Machi
Ofisa kaisoma kasimama. Kasema casual hana mkataba, hivyo hana la kudai; hadaiwi wala hadai. Nikamuuliza, hadaiwi kweli? Kweli, mama.

Haya basi. Nimemwambia msimamizi wetu, yule tunayemwita Bwana Saa, kesho asinihesabu. Kacheka, kadhani utani. Boila hakuna mwingine anayeijua, na yeye mwenyewe anaiogopa kama nyoka. Miaka yote nimeomba wanipe mtu nimfundishe. Sasa liwalo na liwe.

Ijumaa, 7 Machi
Saa mbili kasorobo. Niko kwenye benchi nje ya utumishi, nimevaa gauni langu la kuendea arusi. Sitoki hapa.

Ofisa kapita na jinzi na raba. Ijumaa ofisini wanavaa casual. Yeye neno hilo jioni atalivua, mimi nimelivaa miaka minane!

Simu yake inalia. Namsikia: mashuka hayajatoka? Ghorofa zote nne? Boila imepoa? Yule mama yuko wapi?

Mlango umefunguliwa. Kaniuliza mbona sijaingia kazini. Nimemjibu kwa adabu: leo haikutokea, mwanangu.

Kaishusha simu. Kisha, kwa sauti ya chini, kasema niende kwanza nikawashe boila, tutaongea baadaye. Nimemwambia muda ninao, aanze kuongea yeye.

Karudi ndani. Nasikia droo ikivutwa. Ama anatafuta fomu, ama namba ya mlinzi. Bwana Saa anakuja mbio ukumbini, jasho tupu, ananiita dada kwa mara ya kwanza. Sijanyanyuka. Fomu kwanza, boila baadaye.