Barafu Haituliwi Njiani

Byamathang,
Bonde la Shigar,
Baltistan.
27 Novemba

Mpendwa kaka yangu Nisar,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Karachi? Wifi Rubina hajambo, na kile kikohozi chake kimepungua? Wanao je, bado wanapigania dirisha? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila goti la shemeji yako Taqi bado halikunjiki sawasawa tangu aanguke na mizigo ya wapanda milima. Hasan ananyonya kama ndama na usingizi hanipi, kwa hiyo ukiona mwandiko umelala, jua mwandishi naye alikuwa karibu kulala.

Barua yako niliipata. Umesema shamba la baba tuliache, mchanga umeshashinda, tushuke wote tuje kwako, chumba kipo. Nakushukuru kwa moyo huo. Jibu utalipata, lakini kwanza nikueleze tulichofanya.

Ni kweli mchanga umepanda. Umefika kwenye mti wa mwisho wa aprikoti. Matawi ya chini tuliyachuma tumepiga magoti. Mfereji nao ulikauka kabla shayiri haijajaza punje, na ardhi kavu haina ubavu wa kuuzuia mchanga.

Unamkumbuka Bibi alivyotusimulia akisaga ngano? Theluji huanguka juu ya theluji, ile ya chini haipati nafasi ya kuyeyuka, inabanwa mpaka pumzi yote inaitoka, inakuwa barafu ngumu. Ikishakuwa nzito inaanza kutembea. Inatembea na mawe tumboni, inaukwangua mlima. Ile mikwaruzo kwenye mwamba nyuma ya nyumba yetu ndiyo njia barafu ilimopita zamani. Mto ukiwa mweupe wakati wa joto, huo ni unga wa milima. Baridi ikija mto unanywea, unga unabaki wazi, upepo unauzoa na kutuletea sisi. Zahra wangu naye kaja na lake kutoka shule: eti mawingu ya mvua hukwama upande wa pili wa milima, ndiyo maana huku mchanga unajistarehesha.

Basi nikawaza: mchanga unaotula na maji yanayotunywesha ni watoto wa mama mmoja, barafu. Huyu katuzidia kwa kuwa mwenzake kapungua. Dawa si kukimbia. Dawa ni kuongeza barafu.

Kijiji kikakubaliana kuifungisha barafu ndoa kama walivyofanya wazee wetu: ya kike, ile nyeupe yenye maji mengi, na ya kiume, ile nyeusi yenye mawe, zikatwe kule juu mlimani, zizikwe pamoja penye kivuli juu ya mfereji, zizae. Sharti ni lilelile. Kila nyumba itoe mbebaji. Nyumba isiyobeba haina zamu ya maji. Mzigo hautuliwi chini, na mbebaji hasemi neno mpaka shimoni.

Mkutanoni nikasimama. "Nyumba yetu nabeba mimi."

Kazim wa kinu, unaujua mdomo wake, akacheka. "Mama Hasan, barafu inakwenda kuozwa, haiendi kunyonyeshwa!"

"Tangu lini bibi harusi akasindikizwa na wanaume watupu?" nikamwambia. "Halafu kunyamaza njia nzima, Kazim, wewe utaweza?"

Kina mama wakaangua kicheko. Mzee Wazir Ali, msimamizi wetu, akakuna kidevu. "Sharti linasema nyumba, halikutaja ndevu. Lakini binti yangu, ukitua wewe, nyumba yako imetua."

"Sitatua, babu."

Nyumbani Taqi akaniuliza, "Na huyu mtoto nimbembeleze kwa kitu gani? Kwa goti?"

"Maziwa ya mbuzi, kijiko, na uimbe. Akikukataa vumilia. Mimi mbona navumilia?"

Kaka, ilikuwa nzito. Barafu ndani ya tenga, imefunikwa kwa makapi ya shayiri na mkaa, na bado maji yalinichuruzika mgongoni. Wenye ndugu walipokezana, mgongo kwa mgongo, tenga lisiguse ardhi. Mimi sikuwa na wa kunipokea. Sikulaumu, nasema tu ilivyokuwa.

Kwenye mteremko wa mawe saa ya kunyonyesha ikafika. Kifua kilijaa, kikauma, kisha maziwa yakaanza kutoka yenyewe, na gauni likakakamaa kwa baridi. Nikalia bila sauti, kulia hakukukatazwa. Papo hapo mkanda wa tenga ukanichomoka begani. Nilihisi mzigo unakwenda. Ghafla ukasimama. Nilipogeuza shingo nikamwona Kazim, tenga lake mgongoni, kapiga goti na kuweka kichwa chake chini ya tenga langu. Akatulia hivyo, macho yamemtoka, mpaka nikaurudisha mkanda. Hakutoa hata mguno.

Tukafika. Barafu zikalazwa pamoja, tukafukia kwa makapi, mkaa na vibuyu vya maji ya mto, tukapanga mawe juu. Mzee akaomba dua, akatufungulia ndimi.

"Mama Hasan!" Kazim akapasuka. "Tangu kule juu nina utani wako mdomoni, ulimi umenivimba!"

"Haya, utoe."

Akaliangalia gauni langu, akauacha utani wake. Akamgeukia mzee. "Zamu ya kwanza ya maji iwe ya nyumba yake."

"Maji gani, wewe? Hayajawa bado."

"Yakiwa," akasema Kazim.

Kaka, huenda Zahra akawa na wanawe kabla hayo maji hayajafika mfereji wetu. Huenda pia barafu isishike. Nalijua hilo. Hata hivyo siji Karachi, na shamba la baba haliachwi. Theluji ikiyeyuka tutapanda mierebi mbele ya mchanga, Taqi keshaanza kukata vipandikizi kwa goti lake hilohilo. Majani yakipukutika mwakani, kijiji kitapanda tena mlimani kuiongezea barafu. Njoo wakati huo. Hatuna haja na kitu kingine, lete mgongo wako tu, nikichoka unipokee. Usipokuja, nitabeba tena.

Nisalimie sana Wifi Rubina na wanangu wote huko. Taqi anakusalimu, Zahra anakubusu mikono, Hasan anakupigia kelele. Mungu akupe afya na akufungulie njia ya kurudi.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokukatalia,
dada yako,
Marzia