Kaka Amebadilisha Nondo za Veranda

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana nyumbani sina tena mtu wa kumweleza.

Mimi ni msimamizi wa ujenzi, na mkandarasi ninayemsimamia ni kaka yangu wa damu, aliyenilea na kunisomesha baba alipofariki, na sasa tunamalizia wodi ya wazazi ya ghorofa moja, yenye veranda ya juu ambako akina mama watakuwa wanapunga upepo na vichanga vyao. Nondo nene zilizo kwenye mchoro zilikosekana madukani, kaka akampigia mhandisi kuomba atumie nyembamba, mhandisi akamkubalia kwa ukuta wa uzio tu, veranda akasema isubiri, lakini kaka hakusubiri, alimwaga zege siku niliyokuwa hospitali na mwanangu anayeumwa, niliporudi nikakuta kila kitu kimefunikwa, na fundi wa nondo akaninong'oneza, "Dada, humu tumeweka zile za uzio."

Nilimfuata kaka, akacheka tu, akasema mhandisi si alishakubali, na mji mzima umejengwa hivyo hivyo. Lakini tangu waondoe mbao za kushikilia zege kumetokea ufa pale veranda inapoungana na ukuta, ukawa unarefuka, kaka ameuziba kwa plasta na kupaka rangi, na sasa anataka nisaini kwamba jengo limefuata mchoro ili wagonjwa wahamie. Nilipokataa aliniuliza, "Nikinyang'anywa leseni, wanangu watakula kwako?" Wifi hapokei simu zangu. Mama ndiye aliyenimaliza, aliniambia nisimzike yeye kabla hajafa. Sili, silali, nikifumba macho naona akina mama wameegemea ile veranda. Nikisema nampoteza kaka, nikinyamaza naua watu. Nifanye nini?

Dada wa Mkandarasi

*

Pole, mdogo wangu, na mpe pole mwanao. Ila usinitwishe mimi jambo ambalo umeshaliamua. Ungekuwa hujaamua, ungesaini. Kinachoniudhi ni kwamba umeutazama ufa ukirefuka, halafu ukakaa chini kuniandikia mimi nisiyejua nondo, badala ya kumwita mhandisi anayezijua.

Kaka yako anasema mhandisi alikubali. Alikubali uzio. Ruhusa ya uzio haibebi veranda, na yeye analijua hilo, ndiyo maana alipaka rangi.

Usisaini. Nenda kwa kaka kwanza, mwambie usoni, mpe nafasi amwambie mhandisi mwenyewe. Akikubali, atakuwa mkandarasi aliyekosea akarekebisha. Akikataa, mpigie mhandisi hapo hapo, mbele yake. Mwonyeshe palipozibwa, mwambie kilichomo ndani, kisha mwandikie hayo hayo na mwenye jengo apate nakala. Kama ni kuongeza nguzo au kuvunja na kumwaga upya, aamue mhandisi, si wewe wala kaka yako.

Sitakudanganya kwamba watakushukuru. Huenda kaka asikusemeshe miaka na miaka, mama akakupa mgongo, na kazi ukaitafuta mbali. Utalia, na utalia peke yako. Wale akina mama watakaorudi kwao wazima na watoto wao hawatajua hata kwamba ulikuwepo.

Sasa liweke chini hili gazeti. Nenda kapigilie mbao mlango wa veranda. Kaka akizing'oa, pigilia tena.