Mtani Wangu Pazi na Kitabu cha Magaidi

Jumatatu, 5 Oktoba 1953. Tabora

Ukurasa wa kumi na moja. Vidole vinauma kwa taipu. Inspekta mpya wa polisi ametoka Kenya na ameleta kitabu alichokiandika mwenyewe: sababu za ugaidi na namna zake, duniani kote. Mimi, karani mkalimani wa boma, nimepewa nikitie Kiswahili. Kitasomwa barazani mbele ya wanangwa, wakuu wa vijiji vyote, kabla ya mvua.

Leo nimemaliza Palestina na Malaya. Mabomu sokoni, reli zilizong'olewa, wenye mashamba ya mpira waliopigwa risasi vibarazani mwao. Sababu, kwa hesabu yake, ni wivu, uvivu na maneno ya wageni. Ardhi haimo. Nimeitafuta mara mbili. Mtu kanyang'anywa shamba la babu yake, halafu ugonjwa wake unaitwa uvivu!

Anayekata watoto waliolala, kama tunavyosikia huko Kenya, simtetei. Huyo ni muuaji, basi. Lakini kaka yangu Yosefu alikuwa askari huko Malaya. Aliniambia kwa mdomo wake kwamba walichoma nyumba za wakulima na kuwafungia wenyewe nyuma ya seng'enge. Namna hiyo ya kutisha watu haimo kitabuni. Nimepiga taipu kama ilivyoandikwa. Mshahara ni mshahara.

Alhamisi, 8 Oktoba

Mjomba amefariki, kijijini Ipole. Mwanangwa wa miaka mingi, mfuga nyuki, mtu wa maneno machache. Nimepewa ruhusa ya siku mbili.

Nilipita dukani kwa Pazi kumpa habari. Alifunika cherehani kabla sijamaliza kusema. Mzaramo, fundi wa mtaa wa Ng'ambo, mtani wangu tangu tukiwa watoto. Tulipanda lori la nta. Njia nzima alinitukana: kichwa changu, ukoo wangu, jinsi Wanyamwezi tunavyokula panya tukaita karamu. Nilimhitaji. Msiba bila mtani ni kilio kitupu.

Jumamosi, 10 Oktoba

Tulizika jana. Pazi alifanya kazi yake barabara.

Jeneza lilipotoka uani akaziba njia, panga mkononi. Akapaza sauti: "Huyu nimemuua mimi! Na nyinyi mliobaki nitawamaliza kabla ya Ijumaa ijayo, nyumba zenu nitazichoma moja moja!" Hapishi mpaka apewe jogoo. Akapewa. Kule makaburini akatangulia kushuka shimoni, akajinyoosha, akasema pana joto zuri, mjomba atafute pengine. Padri akajifanya anatafuta ukurasa.

Mke wa mjomba, sasa mjane, alikuwa hajatia kitu kinywani tangu Jumatano. Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akaomba uji. Ndiyo kazi ya mtani.

Gari la Inspekta lilikuwa limesimama barabarani, anarudi kutoka safari ya kusini. Alitazama muda mrefu. Sikujali.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mimi ni mpumbavu. Naandika tena: mpumbavu.

Asubuhi Inspekta kaniita. Yule mwenye panga kule Ipole ni nani? Nikajibu kama ninavyojibu siku zote nikiulizwa habari za Pazi. "Huyo, bwana, ni mtu hatari sana. Mwizi, muuaji. Wazaramo wote ndivyo walivyo. Ukimwona mfunge kabla hajala." Tarishi mlangoni aliangua kicheko. Mtani husemwa hivyo. Ukimsifu, watu watadhani mmegombana.

Inspekta hakucheka. Alikuwa anaandika. Je, alisema ameua? Ndiyo, bwana, alisema. Alisema atachoma nyumba? Alisema. Alipewa nini? Jogoo. Akaigeuza karatasi kwangu nami nikatia sahihi, kicheko bado mdomoni. Mimi ninayewasomea watu karatasi zao mji mzima sikuisoma yangu.

Saa nane mchana askari wakamchukua Pazi. Nilipofika dukani nilikuta kanzu ya mtu imebaki chini ya sindano, ina mkono mmoja.

Jumanne, 13 Oktoba

Nimekwenda kwa Inspekta kueleza. Nimeanza mbali: babu zetu walibeba pembe kutoka hapa hadi pwani, wakipita nchi ya Wazaramo. Walipigana njiani, wakaibiana, wakauana. Walipochoka wakapatana wawe wanatukanana badala ya kuuana, na wazikane. Huo ndio utani. Ni kinyume kabisa cha hicho anachokitafuta.

Alinisikiliza akiwa na kalamu mkononi. Kisha akafungua kitabu chake, ukurasa ule ule niliotoka jasho kuutafsiri. Magaidi hula kiapo kwa mnyama. Watu walioingiwa na hofu huwacheka na kuwatetea. Kwa hiyo jogoo wetu ni kiapo. Kicheko cha mjane ni hofu. Na mimi ninayetetea, je? Hakumaliza. Alinitazama tu.

Nilitamani kumtupia taipu kichwani. Nikasema, "Ndiyo, bwana." Nimejichukia mpaka nyumbani.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimekwenda kwa Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya. Yeye anaujua utani. Yuko nchi hii tangu nikiwa shule, na ameshatukanwa harusini akatoa soda kwa watu wote. Nilidhani mambo yamekwisha.

Akasema, "Najua, Petro. Lakini karatasi imeshakwenda Dar es Salaam, na jina lako liko chini yake." Aliniuliza kama niko tayari kuandika kwamba nilimpotosha ofisa wa polisi. Nitapoteza kazi, na nyumba ya serikali pamoja nayo. Nikasema niko tayari. Nimeandika pale pale mbele yake, nikasoma mara tatu, nikatia sahihi. Akaiweka juu ya meza, akaegesha kikombe cha chai juu yake isipeperuke.

Mke wangu hajanisemesha tangu jioni. Ana haki.

Ijumaa, 23 Oktoba

Amri imekuja. Fundi Pazi arudishwe kwao Uzaramo, asikanyage tena Jimbo la Magharibi.

Kwao! Amezaliwa Ng'ambo. Baba yake kazaliwa Ng'ambo. Uzaramo hamjui mtu hata wa kumwomba maji. Babu yake alikuja na msafara akaoa hapa hapa, na sasa mtu aliyefika Juni anamfundisha kwao ni wapi.

Nimepeleka majalada kwa Bwana Shauri. Barua yangu bado ipo mezani, ina alama ya kikombe. Haikwenda popote. Hata kufukuzwa sijafukuzwa. Wananihitaji nisome kitabu.

Hasira hii sijui niipeleke wapi. Nimepasua kuni za wiki nzima. Zimekwisha na hasira ipo.

Jumatatu, 26 Oktoba

Baraza. Jua kali, wanangwa safu nane, wengine wametembea siku mbili. Nimesoma yote. Palestina, Malaya, Kenya. Wivu, uvivu, maneno ya wageni. Mwanangwa mmoja wa upande wa Kipalapala, mzee mwenye koti la vita, akasimama. "Bwana karani, tumeshukuru. Sasa huyo gaidi akija kwetu tutamjua kwa alama gani?"

Nikamtafsiria Inspekta. Jibu lake nikalitafsiri nalo, neno kwa neno: "Mtamjua kwa sababu akipita, watu hunyamaza."

Kisha akateremka jukwaani kwenda kwenye gari lake. Safu nane zikamtazama. Hakuna aliyekohoa. Mzee yule akavua kofia, akaketi.

Nikakusanya karatasi zangu.

Jumamosi, 31 Oktoba

Stesheni. Pazi kaletwa na askari wawili, pingu mkononi, amekonda. Mama yake, Bi Mwanahawa, alikaa juu ya furushi wala hakulia. Nilisukuma watu mpaka nikamfikia. Nilikuwa nimejiandaa. Aniite mla panya. Aniite Yuda, ninastahili. Anitukane mpaka garimoshi liondoke.

Akainamisha kichwa. "Shikamoo, bwana karani."

Tuko rika moja. Tumetahiriwa mwaka mmoja. Maisha yake yote hajaniamkia. Marahaba haikunitoka. Garimoshi likaondoka nami nimesimama pale.

Wamefanikiwa. Kitabu kizima cha namna za kutisha watu, na hii hawakuiandika. Na mkono ulioshika kalamu ni wangu.

Jumapili, 29 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Bi Mwanahawa amezikwa leo. Alikuwa hali chakula tangu garimoshi liondoke.

Nilitoka misani nikaenda Ng'ambo moja kwa moja. Uani watu walijaa, kimya. Watani wapo, Wanyamwezi wenzangu kumi au zaidi, wamekunja mikono kama wageni. Askari kanzu, asiyevaa sare, alikuwa ameegemea ukuta, daftari mkononi. Kila mtu alimwona.

Walipoinua jeneza nilichukua panga lililokuwa karibu na kuni.  Nikasimama mlangoni, nikaziba njia. Nikasema ajuza huyu nimemuua mimi. Nikasema Wazaramo waliobaki nitawamaliza kabla ya Ijumaa, na nyumba hii nitaichoma, mvua ikikatika. Nikadai jogoo.

 Daftari likafunguliwa. Nikataja jina langu kamili, na kazi yangu, asipate shida ya kuuliza.

Kikongwe mmoja ndani, dada yake marehemu, akacheka. Kidogo, kama anakohoa. Kisha wanawake wengine. Kisha wakalia wote kwa pamoja, kilio chenyewe, kile kilichokuwa kimekwama tangu asubuhi. Mtu akanitupia jogoo miguuni. Nikapisha.

Jioni nimemwandikia Pazi. Nimemwambia mama yake nimemzika mimi mwenyewe, kwenye matope, na kwamba kaburi lilikuwa zuri kuliko wanavyostahili Wazaramo. Nimemwambia cherehani nimeiiba, iko chumbani kwangu, na ile kanzu ya mkono mmoja naivaa. Kama ni mwanamume aje kuvichukua.

Kesho nitaitwa. Shati nimeshalipiga pasi.