Kaka Amba, Mstari Wako Niliugusa

Kaka Amba,

Sikuandikii ili nikulilie. Kulia nimelia, na waliokuwepo Masukulu siku ile ni mashahidi, mpaka kanga niliyoazimwa na mama mchungaji kufutia machozi sijairudisha hadi leo. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na wewe ndiye mtu pekee niliyezoea kumkasirikia bila kuulizwa nimepatwa na nini.

Nianze na habari za huku. Studio yetu bado ipo Makandana, na mlango bado unagoma kufunguka mvua ikinyesha, na mvua ya Tukuyu unaijua, haijui kubisha hodi. Fundi cherehani wa jirani ameshahamishia mashine yake ya pili kwenye baraza letu. Anasema tangu uondoke nafasi inapwaya. Nimemwacha, angalau kuna sauti ya mtu anayefanya kazi.

Wateja ni wale wale. Wiki iliyopita walikuja ndugu kutoka Kyimo, baba yao amefariki. Mzee wa watu amelima chai na ndizi maisha yake yote, hajawahi kufunga tai hata siku moja, lakini wanawe wamekuja na kipicha cha kitambulisho wanataka picha ya kutangulia mbele ya jeneza: suti nyeusi, tai nyekundu, nyuma mawingu, na uso "ung'ae kidogo." Wewe ungewagombeza. Ungewaambia lile neno lako, kwamba mtu azikwe na sura yake. Mimi sikuwagombeza. Nilimvalisha mzee suti, nikampa mawingu yake, wakashukuru wakaenda. Ndivyo ninavyoishi siku hizi, Kaka, na maneno yako makubwa yananing'inia pale ukutani bila msumari.

Unakumbuka jinsi ilivyoanza? Ile programu huria ya kuhariri picha, ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuifungua tumboni na kuiongezea kitu, tuliipenda kwa sababu ilikuwa ya bure. Ila ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukiiambia irekebishe mwanga yenyewe, nyuso zetu ilizifanya rangi ya majivu. Ukiiambia imtoe mtu kwenye picha na kuacha vilivyo nyuma yake, ilimkata mtu mweusi pamoja na ukuta. Ulikaa ukaitazama picha ya shangazi mmoja iliyofanywa hivyo, ukasema, "Hii mashine inadhani sisi ni kivuli." Kesho yake ukaanza kujifunza kuandika skripti, yale maagizo ambayo mtu huiongezea programu ifanye kazi mpya.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wako wa kupiga picha tu. Lakini ni nani aliyezunguka na kamera Kyimo mpaka Masukulu akiomba watu wapigwe picha jikoni, mlangoni, chini ya migomba, ili uwe na picha za kujaribia? Ni nani aliyekaa akizifungua moja moja na kuandika kwenye daftari ipi imekubali na ipi imekataa? Ulikuwa unasema "skripti yetu" tukiwa wawili. Ulipoituma kwa wale watu wa mbali wanaoisimamia programu, juu kabisa uliandika jina moja. Nililiona. Wewe ukajifanya hukuona kwamba nimeona.

Skripti ilikuwa nzuri, hilo sikunyimi. Ilitafuta uso kwanza, ikaupima mwanga wake, ikauacha kama ulivyo, ndipo ikashughulikia mengine. Wakaguzi wao waliipenda, wakaleta maswali mawili. La kwanza, kwa nini majina yote ndani yake ni ya Kiswahili: uso, kivuli, ukuta, kizingiti. Ukawajibu kwamba kompyuta haina kabila. Tulicheka mpaka fundi cherehani akaja kuuliza kuna nini.

La pili lilikuwa hilo la kizingiti. Ndiyo namba inayoiambia skripti, mwanga ukishuka chini ya hapa, hesabu kwamba huo ni ukuta, si mtu. Wengine wote huweka arobaini. Wewe uliweka kumi na moja, na kwa kumi na moja kompyuta yetu ilihangaika dakika nzima na zaidi kwa picha moja, ikinguruma kama inapanda mlima Rungwe. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema uzoefu. Wakaguzi walikuuliza, ukasema uzoefu. Pembeni ya mstari ule uliandika neno moja tu, "usiguse," na hayo ndiyo maelezo yote uliyoyaacha duniani.

Halafu tumbo likaanza kuvimba, ukarudi kwa mama yako Masukulu. Nilikuja mara mbili. Mara ya pili nilikuja na daftari. Nilikuomba, Kaka, nilikuomba kama mtu anavyoomba maji, niambie hata kwa ufupi, nitaandika mimi. Ukaniangalia na yale macho yaliyokuwa yameshageuka manjano, ukasema, "Nikipona, Atupele. Nikipona tutaandika." Ulijua huponi. Mimi nilijua. Daftari nikarudi nalo jeupe.

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui, maana ulikuwa ndani ya sanduku.

Siku ya kukuzika, kaka yako Gwamaka alifika studio, ametoka Dar es Salaam na gari la kukodi, anataka picha ya marehemu. Mpiga picha mzima, hukuwa na picha yako hata moja ya maana. Mimi nilikuwa nayo moja, ile niliyokupiga kwa wizi ukiwa umeegemea mlango wa studio mvua ikinyesha, nusu ya uso kwenye mwanga, upande wa kushoto gizani. Gwamaka akasema mvalishe suti. Nikamwambia hukupenda suti. Akasema marehemu hapendi wala hachukii, na mng'arishe kidogo, amekonda sana hapo. Gari lilikuwa linaunguruma nje. Nikafungua skripti yako. Ikaanza kuhangaika na kumi na moja yake. Gwamaka akaangalia saa, akaniangalia mimi, akaangalia saa.

Nikagusa. Nilifuta kumi na moja nikaandika arobaini.

Ikamaliza hapo hapo. Ukatoka umevaa suti, unang'aa, na mawingu nyuma, na upande wako wa kushoto skripti imeuhesabu kuwa ukuta. Sikio halipo. Taya limeliwa kidogo. Nilipandisha kola ya shati, nikafifisha kingo, nikachapa. Hapo nilikuwa silii, nilikuwa nasema tu haya, haya, haya.

Watu walisema umependeza. Kaka, hilo ndilo linalonichoma. Kwaya nzima, wazee wa kanisa, wateja wako wenyewe uliowagombeza miaka yote, walipita mbele ya ile picha wakisema amependeza, utadhani mbunge. Mtu mmoja tu hakusema hivyo. Mama yako aliomba apewe picha aishike. Aliiweka mapajani, akapitisha kidole upande ule ulipochanika utotoni kwa mundu mkikata majani ya ng'ombe. Akauliza kwa Kinyakyusa, taratibu, kama mtu anayeulizia kuku wake, "Sikio lake mmelipeleka wapi?"

Gwamaka akamwambia picha ndivyo zilivyo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka pale, nikajificha uso kwenye ile kanga ya mama mchungaji.

Majuma mawili baadaye ukaja ujumbe wa mkaguzi, umeandikiwa wewe. Ama ueleze kumi na moja, ama iwe arobaini, la sivyo maombi yako yatafungwa kwa sababu mwandishi hajibu. Nilimjibu kwamba mwandishi hajibu kwa sababu amekufa. Alinipa pole, pole ya kiungwana kabisa, akaniuliza kama naweza kuendelea mimi. Ila namba lazima ielezwe. Nami nilikuwa na nini cha kueleza? Uzoefu wa marehemu?

Nikazipitisha picha zetu zote za majaribio kwa arobaini. Zilizokatika zilikuwa chache, hapa unywele, pale bega, si kitu cha kumshawishi mtu aliyeko ng'ambo. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwamba sawa, iwe arobaini. Ndipo nikaona ndani ya folda kuna folda nyingine, na ndani yake picha moja ambayo sikuipiga mimi.

Ilikuwa ya mama yako. Amekaa jikoni kwenye kigoda, ukuta nyuma umekuwa mweusi kwa moshi wa miaka, kanga imechanika begani, na mwanga wote unatoka kwenye moto chini ya sufuria. Anacheka. Nikaipitisha kwa arobaini, na mama yako akaondoka. Ilibaki kanga, sufuria, na meno, vimeelea. Nikajaribu thelathini, ishirini, kumi na tano. Uso ulikuwa unarudi kipande kipande. Kwa kumi na moja alirudi mzima, mpaka mikunjo ya macho.

Kisha nikakasirika, Kaka, nikakukasirikia kuliko siku zote.

Maana ungeweza kuwaonyesha. Picha moja tu, swali lao lingeisha siku ile ile, na jina lako lingeingia ungali hai. Hukutaka. Nikakumbuka mama yako alivyokuja Makandana na mkungu wa ndizi kichwani, nawe ukampitisha mlango wa nyuma kwa sababu mbele kulikuwa na wageni kutoka Mbeya. Nilidhani unamkinga na mvua. Kumbe ulikuwa unaona aibu. Wewe, wa mtu azikwe na sura yake! Ulifanya kazi miaka kwa ajili ya uso mmoja, halafu uso huo huo ukauficha ndani ya folda mbili. Sijui nikuite nani. Mganga hajigangi, wamesema, lakini wewe dawa uliificha hata mgonjwa asijue anaumwa.

Nilikwenda Masukulu na picha hiyo. Mama yako aliishika mbali, akaishika karibu, akasema, "Kumbe ilitoka. Aliniambia iliungua." Sikujaribu kukutetea. Nikamweleza kwamba kuna watu wa mbali wanataka kujua kwa nini mwanawe aliweka namba fulani, na jibu ni uso wake yeye, na wakiuona wataona na jiko lake, moshi wake, kanga yake. Kama hataki, nitarudi nayo. Akanikatiza.

"Kwani hapo nimeiba? Wapelekee."

Kisha akaniuliza tena habari za sikio. Safari hii Gwamaka hakuwepo wa kujibu. Nikamwambia nililikata mimi, kwa haraka, na si kwamba picha ndivyo zilivyo. Nilitegemea anifukuze. Alinyanyuka, akanipakulia ndizi, zile mbalaga zake ulizokuwa unazisifia studio na hukuwahi kunialika nizile. Akanikalia mbele mpaka nikamaliza sahani. Ndipo akasema, "Haya. Sasa kalirudishe."

Basi hizi ndizo habari. Picha nimeituma. Chini ya neno lako "usiguse" nimeandika mistari mitatu, kwa Kiswahili na kwa lugha yao: kwamba kuna mama Masukulu anayepikia kuni, na namba hii ikipanda, anapotea. Mkaguzi alijaribu mwenyewe kwake, akaniandikia kwamba ameona. Kumi na moja imebaki. Majina ya Kiswahili tumegombana, nimebakisha kizingiti, mengine nimeyaachia. Skripti imekubaliwa na jina lako lipo juu, ila hapa Tukuyu hakuna atakayejua, na wanaojua kitu wanatumia programu za simu zinazowatoa weupe kwa kugusa mara moja. Wewe ulishinda, na ushindi wako hauna hata wa kuupigia vigelegele. Chini ya jina lako nimeweka langu. Sikukuomba ruhusa, kama nawe hukuniomba ulipoliacha.

Leo mchana nimeifungua tena ile picha ya mlangoni. Sikuweka suti. Sikuweka mawingu. Nikaacha shati lako la kijani lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine, nikaweka kumi na moja, nikavuta kigoda nikasubiri. Kompyuta ikanguruma. Fundi cherehani akasimamisha mashine yake akauliza kama inaungua, nikamwambia aiache. Kwanza ukaja upande wa mwanga. Kisha taya. Kisha, polepole, kutoka gizani, sikio, na ule mchaniko wake.

Jumamosi nitapanda Masukulu nikampe mama yako mkononi, na ile ya suti nitaitoa mwenyewe ukutani kwake, Gwamaka aseme atakalo. Nakuahidi kwamba nitaingilia mlango wa mbele.

Lala, Kaka Amba. Ndaga, asante, kwa yote uliyonifundisha. Uliyonificha sijakusamehe bado, nitakapokusamehe nitakuandikia.

Mwanafunzi wako,
Atupele