Tangi Kando ya Kitanda cha Mama

Jumanne usiku, Watamu

Na ukuta ukishindwa je? Tangi langu la samaki nimelichora lipachikwe ukutani kati ya sebule na chumba cha mama, lenye vioo pande zote mbili. Ukuta wenyewe ni wa mawe ya matumbawe, kwa hiyo samaki watazungukwa na marehemu wa bahari yao.

Fundi wa vioo aliniuliza kama ukuta utabeba maji yote hayo. Nilimjibu kwa tabasamu, maana sikuwa na hakika.

Leo nikampelekea mama mchoro, nikitumaini atakataa, lawama iwe yake.

"Wageni watawaona samaki, halafu tuwape chai kavu?"

"Ni wa kutazamwa, mama."

Akautazama mchoro tena. Tangu miguu imgomee hajashuka ufuoni. "Basi nisogezee kitanda hapo karibu, mwanangu. Nilale nikiwatazama."

Kwa kukataliwa nilikuwa nimejiandaa. Hili sikulitarajia, na usingizi umenikimbia kabisa. Maji yote yale, na yeye amelala chini yake...

Nimechora upya. Tangi limetoka ukutani, limekaa sakafuni juu ya zege, dogo, halina fahari yoyote. Kitanda nimekiacha pale pale alipotaka.